Mikono ya Fundi

Ukitaka kumtambua mtu anayejua nguo, tazama vidole vyake anapopita kwenye henga. Rafiki yetu mmoja ni fundi cherehani, na sote tunamwita Fundi. Yeye hutembea mkono mmoja ukiwa umenyooka mbele, akigusa bega la kila vazi kwa ncha za vidole, huku macho yake pengine yanaangalia dirishani. Mkono ukisimama, ndipo anapogeuza shingo. Siku tuliyozunguka miji midogo kutafuta mitumba, mimi na yeye na marafiki wengine wawili, niliufuata mkono ule tangu asubuhi. Sehemu kubwa ya ninachokijua leo kuhusu vitu vilivyotumika nilikipata siku ile.

Kila mmoja wetu ana ugonjwa wake. Fundi ni nguo, na chochote kilichopitiwa na uzi. Mwalimu, ambaye kweli anafundisha shule, ni vitabu. Wa tatu ndiye mwenye gari, na yeye akiingia dukani huenda moja kwa moja kwenye rafu ya vyombo na zana za chuma. Mimi nilikuwa natafuta koti la baridi, moja tu, na nilikuwa radhi kuzunguka kutwa nzima kwa ajili yake.

Watu huuliza kwa nini tuhangaike na miji midogo wakati mjini maduka yamejaa. Mjini vitu vimeshapita mikononi mwa wengi kabla havijatundikwa. Wafanyabiashara huamkia mlangoni, na maduka mengine yana wachambuzi wake wanaotenga vile vizuri mapema. Kwenye mji mdogo, kilichopo rafuni mara nyingi kimetoka nyumba za jirani. Mtu amehama, au mzee amefariki, watoto wamechukua walichokitaka na kilichobaki kimeletwa dukani kwa maboksi. Kwa hiyo unaweza kukuta kabati zima la mtu mmoja limetundikwa pamoja, ukajua kimo chake, rangi alizozipenda na bega gani alilibebea mkoba. Kinachokosekana huko ni wingi, ndiyo maana inabidi kuunganisha mji na mji.

Mwalimu ndiye aliyepanga ratiba. Maduka mengi ya aina hii huendeshwa na watu wa kujitolea, na saa za kufungua hufuata nafasi za watu hao, si kibao cha mlangoni. Siku moja kabla ya safari alipiga simu duka kwa duka, akauliza mambo mawili: kesho mnafungua saa ngapi, na mzigo mpya mnautoa siku gani? Jibu la swali la pili ndilo lililotupangia njia. Tulianza na mji wa mbali kuliko yote, kisha tukawa tunarudi kuelekea nyumbani. Mimi naamini sana mpango huo. Jioni watu wamechoka, na aliyechoka akiwa mbali na kwake hununua chochote ili safari isiwe ya bure. Akiwa karibu na nyumbani, hana neno kuondoka mikono mitupu.

Kwenye begi tulikuwa na utepe wa kupimia, tochi ndogo, sumaku, na karatasi yenye vipimo. Kuhusu vipimo Fundi hakubali mjadala. Namba ya saizi haina maana moja, inatofautiana kampuni na kampuni, nchi na nchi, tena vazi la miaka mingi iliyopita lenye namba yako laweza lisipite hata mabegani. Chukua nguo yako inayokukaa vizuri, itandaze mezani, upime bega hadi bega, kwapa hadi kwapa, kola hadi pindo. Ukifika dukani unatandaza vazi unalolitaka na kulinganisha, bila hata kufungua kifungo.

Tulikuwa pia na utaratibu wetu tuliokubaliana ndani ya gari. Kwanza kila mtu anatafuta peke yake, kimya. Kitu kikiwa mkononi mwako ni chako mpaka ukiweke chini. Halafu tunakutana kwenye kona, kila mmoja anaonyesha alichookota, na wengine wana haki ya kuuliza lolote. Swali la Mwalimu ni lile lile siku zote: "Hiki utakitumia wapi, na lini?" Usipokuwa na jibu, unajua mwenyewe pa kukirudisha. Nimeona vitu vizuri kweli vikirudi rafuni kwa swali hilo moja, na sijawahi kumwona mtu akivijutia.

Duka la kwanza lilikuwa na chumba kirefu cha nguo, makoti yamebanana mpaka henga hazisogei. Mkono wa Fundi ulisimama kwenye kipande cha rangi ya majivu kilichokuwa kimejificha kati ya makoti mawili ya mvua. Hakukitoa. Aliniita.

"Njoo ushike. Bana ngumini, hesabu mpaka kumi, achia."

Nikabana. Nilipoachia, kitambaa kilijinyoosha chenyewe, mikunjo ikapotea karibu yote. Akanipa mkono wa koti la jirani, nao nikaubana vilevile, ukabaki na makunyanzi. "Umeona? Sufu ina kumbukumbu," akasema. Nilirudia mara kadhaa, kushoto na kulia, mpaka vidole vyangu vyenyewe vikaanza kuutambua ule ujoto mkavu wa sufu bila msaada wa macho. Hilo ndilo jambo ambalo huwezi kulipata kwa kusoma. Lazima mtu aliyekutangulia akushikishe vitu viwili kwa wakati mmoja.

Kisha tukalitoa na kuligeuza ndani nje. Fundi anasema nguo hudanganya usoni, lakini ndani haiwezi. Kwenye mishono, kitambaa cha akiba kilikuwa kimeachwa kipana, zaidi ya upana wa kidole, maana yake aliyelishona alitegemea siku moja litapanuliwa au kupunguzwa. Michirizi myembamba ya kitambaa ilikutana sawasawa pale mfuko ulipounganishwa na ubavu. Bitana ilikuwa imeshonwa kwa mkono kwenye pindo, unaona hatua za uzi zisizolingana kabisa. Chini ya kwapa, mahali ambapo jasho huozesha kitambaa kwanza, bitana ilikuwa imefifia rangi lakini ukiivuta haiachii. Vifungo vyote vilikuwepo, na kimoja cha akiba kilishonewa kwa ndani.

Mwisho akaliinua hadi dirishani, akalipitisha mbele ya mwanga polepole, mgongo, kifua, mikono. Alikuwa anatafuta matundu ya nondo. Watu humlaumu yule kipepeo mdogo wa rangi ya dhahabu anayeruka kabatini, kumbe nondo wa nguo akishakuwa mkubwa hali kitu. Wanaokula ni viwavi wake, na chakula chao ni keratini, ile protini iliyomo kwenye sufu, manyoya na nywele. Pamba safi hawaitaki. Kwa hiyo kwenye koti la sufu unakagua mahali penye giza: chini ya kola, ndani ya mikunjo ya mfuko, nyuma ya vifungo. Tulipata tundu moja dogo chini ya kola, la zamani, halina vumbi wala utando pembeni. Fundi akaliwekea ukucha, akasema hilo ni kazi ya dakika chache.

Lebo ya shingoni ilisema limetengenezwa Ujerumani Magharibi. Hapo Mwalimu alisogea, maana historia ndiyo somo lake. Ujerumani mbili ziliungana tarehe 3 Oktoba 1990, kwa hiyo koti lenye jina lile lilikuwa na umri huo au zaidi. Kwa njia hiyo hiyo unaweza kukadiria umri wa kitu kilichoandikwa Chekoslovakia, nchi iliyogawanyika mwanzoni mwa 1993, au Umoja wa Kisovyeti, uliovunjika 1991. Na kama ni vazi lililouzwa Marekani na halina kabisa lebo ya maelekezo ya kufua, huenda ni la kabla ya 1972, mwaka ambao watengenezaji wa nguo huko walianza kulazimishwa kuishona. Huenda tu, kwa sababu watu hukata lebo zinazowawasha shingoni.

Lebo ya aina ya nyuzi ilikuwa imekatwa kweli, zimebaki nyuzi mbili za mshono. Ingekuwepo, tungetafuta ile alama ya mviringo wa mistari meusi iliyopindana, Woolmark, inayotumika tangu 1964 kwa bidhaa za sufu. Fundi akamwendea mama aliyekuwa mezani.

"Mama, naomba nivute uzi mmoja huku ndani ya pindo, nihakikishe ni sufu."

"Vuta tu mwanangu. Na mimi nataka kuona."

Tukatoka naye nje, kwenye changarawe, mbali na kila kitu kinachoshika moto. Fundi alivuta uzi wa koti na mwingine wa bitana. Ule wa koti uliposogezewa kiberiti ulijikunja, ukawaka kwa kusitasita, ukatoa harufu ya nywele zilizoungua, na majivu yake yalisagika kwenye vidole. Uzi wa bitana uliyeyuka, ukaacha punje nyeusi ngumu isiyovunjika. Hiyo ni poliesta. Uzi wa pamba ungenuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Yule mama aliomba tumrudie jaribio, akatuletea uzi wa fulana kutoka boksi la nyuma, tukachoma na huo. Wakati tunalipa, tayari alikuwa anamweleza mwenzake habari za harufu ya nywele.

Mji wa pili ulikuwa wa Mwalimu na mwenye gari. Vitabu vilijaa kwenye maboksi ya ndizi sakafuni, na Mwalimu alipiga magoti akavitoa kimoja kimoja. Alinionyesha ukurasa wa haki za mwandishi, ambako wachapishaji wengi huweka mstari wa namba kuanzia 10 kushuka hadi 1, au zimechanganywa. Namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo inayotaja ni chapa ya ngapi, maana kila wanapochapisha upya huondoa moja. Akanionyesha pia kwamba kitabu chenye ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, ya tarakimu 10 peke yake kwa kawaida kilichapwa kabla ya 2007, mwaka ambao mfumo ulihamia tarakimu 13. Hata hivyo alichochukua hakikuwa chapa ya kwanza ya chochote. Alichukua atlasi za zamani na vitabu vya sayansi vyenye michoro mikubwa ya mkono, kwa ajili ya wanafunzi wake kulinganisha ramani za nchi ambazo hazipo tena. Aliponusa kurasa na kuona hazina ukungu, aliridhika. Kitabu chenye ukungu hakiingii begi moja na vingine, hata kikiwa cha thamani namna gani.

Mwenye gari alikuwa na sumaku yake. Alikuta kinara kinachong'aa kama shaba, akaigusisha sumaku, ikanasa. Shaba haivutwi na sumaku, hivyo ndani yake kulikuwa na chuma kilichopakwa tu. Kikaango cha chuma kizito, kile kinachomiminwa kwenye kalibu, alikipiga kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Kikilia kwa mlio mrefu ni kizima, kikitoa sauti iliyokufa pengine kina ufa usioonekana. Kutu haikumtisha, maana kutu husuguliwa na chuma kikapakwa mafuta na kuchomwa upya. Ufa hauna dawa. Sahani za kauri zenye maua mazuri alizishika, akazirudisha. Rangi na ving'arisho vya kauri za zamani vinaweza kuwa na madini ya risasi, yanayotoka zaidi vyakula vyenye asidi vinapokaa ndani yake. Kwa mapambo ukutani sawa, kwa kulia hapana. Ndivyo ilivyo pia kwa midoli ya zamani iliyopakwa rangi. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi kwa matumizi ya nyumbani na kwenye midoli mwaka 1978, na midoli ya kabla ya hapo bado inazunguka maboksini.

Katika duka hilo hilo kulikuwa na rundo la mablanketi mazito na makoti ya watoto, mazima, safi. Mmoja wetu alisema kwa bei ile tuyabebe yote, ndugu hawakosekani. Tuliongea kwa muda pale pale, na hapa nina msimamo ambao sitaulegeza. Sisi tulikuwa wageni. Mji mdogo unaweza kuwa na duka moja tu la aina hiyo, na kuna mzazi anayelitegemea kuvalisha watoto kabla baridi haijaanza. Asili ya maduka haya ni hiyo. Edgar Helms, mchungaji wa Kimethodisti aliyeanzisha Goodwill, shirika la hisani lenye maduka ya vitu vilivyotumika, huko Boston, Marekani, mwaka 1902, alikusanya nguo na vitu kwenye nyumba zenye uwezo, akawaajiri maskini kuvikarabati, kisha vikauzwa au kupewa waliokarabati. Kile ambacho mtu wa pale anakihitaji kuliko wewe, kiache. Tuliyaacha mablanketi yote na makoti yote ya watoto. Mwenye gari alichukua kikaango chake, basi.

Mji wa tatu haukuwa na kitu kwa yeyote kati yetu. Tulisalimia, tukazunguka, tukashukuru, tukaondoka.

Duka la mwisho lilikuwa chumba kimoja, na mwisho wa chumba, chini ya meza iliyojaa taa mbovu, Fundi aliona kifuniko cha mbao kilichopinda. Alikijua kabla hajakifungua. Ndani kulikuwa na cherehani nyeusi ya Singer ya kuzungusha kwa mkono, vumbi limeganda juu ya nakshi za dhahabu. Alikaa chini sakafuni, akaiweka mbele ya magoti yake, na kwa muda hakuongea na mtu.

Alianza na namba. Kwenye Singer za zamani namba ya mashine imegongwa kwenye chuma cha kitako, upande wa kulia. Kampuni hiyo ilianza Marekani mwaka 1851, na mashine zake za karne ya kumi na tisa zina tarakimu tupu. Kuanzia 1900 waliweka herufi mbele. Hii ilikuwa na herufi. Kisha akashika gurudumu, akalizungusha kumwelekea. Lilikataa. Akajaribu tena kwa upole, likasogea robo mzunguko na kusimama. Nilidhani ndio mwisho wake, lakini Fundi alikuwa anatabasamu. Alinishika mkono akauweka juu ya gurudumu.

"Sukuma. Unasikia inavyozuia? Ni laini, kama inavutwa. Hayo ni mafuta yaliyoganda. Chuma kilichovunjika hukwama ghafla, unasikia kigongo."

Nikasukuma, nikasikia. Kweli ulikuwa ukinzani wa mnato, sawa kila upande. Akaeleza kwamba watu hukata tamaa na mashine nzima kabisa kwa sababu miaka ya kukaa bila kazi hugeuza mafuta kuwa gundi, hasa kama kuna mtu aliwahi kuitia mafuta ya kupikia. Tiba yake ni mafuta ya taa kidogo kwenye kila tundu la kulainishia, kusubiri, kuzungusha taratibu, kufuta uchafu unaotoka, halafu kuweka mafuta halisi ya cherehani. Akavuta bamba dogo la chini ya sindano na kumulika kwa tochi. Kikombe kinachoshika bobini kilikuwepo. Hicho ndicho kilichokuwa kikimtia wasiwasi kuliko gurudumu, kwani kikipotea unaweza kutafuta muda mrefu kinachofanana nacho. Aliangalia mguu unaokandamiza kitambaa, akapitisha ukucha kwenye meno yanayosukuma nguo, akayakuta bado makali.

Mwalimu akauliza swali lake: utaitumia wapi, na lini? Fundi alijibu bila kuinua kichwa. Ana wanafunzi wanaosubiriana kwenye mashine ya umeme, na mwanafunzi hujifunza mshono vizuri zaidi anapozungusha mwenyewe, hatua kwa hatua, bila mashine kumkimbiza. Hakuna aliyeuliza tena. Mzee mwenye duka alitusaidia kuibeba hadi garini, maana chuma kile ni kizito kuliko kinavyoonekana, akatuambia imekaa pale muda mrefu na kila aliyeijaribu alisema imekufa.

Jioni tuligawana kazi nyumbani kwa Fundi. Vya pamba vilikwenda kufuliwa kwa maji ya nyuzijoto 60, joto linaloua kunguni na mayai yao. Vitabu vilikaguliwa mishono ya mgongo kwa tochi kabla havijaingia ndani. Sufu haivumilii maji ya moto, kwa hiyo koti langu liliingia kwenye mfuko wa plastiki uliobanwa hewa yote ikatoka, kisha kwenye friza ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, muda unaotosha kuua mayai na viwavi vya nondo kama vimo. Likitoka linabaki ndani ya mfuko wake mpaka lirudie joto la chumba, la sivyo unyevu hugandia kwenye kitambaa.

Mikono ya koti ni mirefu kwa kama vidole viwili, na kitambaa cha akiba kipo cha kutosha. Fundi amekataa kuipunguza. Anataka niipunguze mwenyewe, kwa ile Singer ikishalainika, yeye akiwa amekaa pembeni, na ameshanipa vipande vya sufu chakavu nianze kujaribia.